Nilikata Hadithi ya Koko ju Nishinde Mabishano

Kosa ni langu. Si la telefone, si la shetani, si la vita. Miye njo nilifanya, na mukono yangu mwenyewe, na nilikuwa nacheka wakati nafanya.

Naanza na ile ju najua watu. Ukianza kwa kueleza, wanasema unajitetea. Basi, wee mwenye unasoma, umesikia: nilikosa! Koko yangu alichomeka muguu akafukuzwa kama imbwa, ju ya miye.

Lakini nikuambie kitu ingine mapema, ju usikingojee bure. Sitatubu kwa kupenda filme za kuchorwa. Hapana! Kama unatafuta binti mwenye kulia ati desen anime zilimuharibu, geuza ukurasa. Huyo binti haiko hapa.

Miye ni muntu wa Bihambwe, mu milima ya Masisi. Tulikuwa tunalima maharagwe na viazi, na Koko, mama ya baba yangu, njo alikuwa mukubwa wa mashamba. Hakuzaliwa kule. Alizaliwa Walikale, Munyanga wa pori kabisa, akaolewa na Muhunde wa Bihambwe, na mupaka leo anasema walimudanganya, hakuna mwenye alimuambia kama kule kuko baridi.

Vita ilipofika ku kilima yetu, tukatelemuka na magodoro ku kichwa mupaka Shasha, kando ya ziwa, ku njia ya Sake na Minova. Pale Koko akaanza kukaanga sambaza, zile samaki ndogo za ziwa, kando ya barabara. Hakungojea muntu amuhurumie. Aliweka karai ku moto na akaanza kutukana wanunuzi kama muntu mwenye alizaliwa pale.

Mbele ya karai ya Koko kulikuwa duka ya Papa Kambale. Yeye ni muntu wa Butembo, mufanyabiashara, na lori yake inapeleka chumvi na sabuni mupaka Walikale. Mukatolika wa nguvu. Kila siku ya Mungu, kisha misa, alikuwa anafungua hangari nyuma ya duka, anawasha televizyo na plake za umeme wa jua, na sisi vijana tunaingia. Kama misa haijaisha, hata ulie damu, hafungui.

Njo pale tulimuona Nyota.

Ilikuwa serie ya kuchorwa, imetoka mbali, inasema Kifaransa. Jina ya yule musichana ilikuwa nguvu kutamka, sisi tukamuita Nyota. Kijiji yao ilimezwa na munyama wa vichwa saba. Watu wote, na mbuzi wao, na nyumba zao. Na mu tumbo ya ule munyama watu hawakufa! Walikuwa wanapika mule, wanaoana, wanagombana ju ya fasi ya kulala, na pole pole wanasahau jua inafanana namna gani. Nyota alibakia inje peke yake. Akaingia kumutafuta kaka yake.

Wee, ile serie ilitushika! Fikiria ni nani alikuwa mu ile hangari. Watu wa Bihambwe, wa Muheto, wa milima yote ile, wenye walikuwa wanalala chini ya shitingi, maturubai ya wakimbizi. Sehemu ya kwanza ilipoisha, mama mumoja mwenye aliingia tu kukimbia mvua alisema kwa sauti: “Ile tumbo naijua. Naishi mule.”



Tukafungua grupe ku telefone. Tulikuwa vijana wa Shasha, na wengine wenye walibakia Muheto na Masisi. Sehemu moja tuliibishania juma nzima. Na mabishano yetu yote yalirudia fasi moja: ule munyama anatoka wapi? Wachoraji walimuokota kwa nani?

Papa Kambale, mwenye tulimuingiza mu grupe ju televizyo ilikuwa yake, alisema ni samaki ya Yona. Wachoraji walisoma Biblia, wakaongeza vichwa. Dada mumoja wa Muheto akasema hapana, vichwa saba ni vya Ufunuo. Mwalimu Deo akawacheka wote wawili.

Mwalimu Deo alikuwa anafundisha historia mu masomo ya sekondari kule Muheto, mbele masomo ifungwe na yeye akimbilie Shasha kama sisi. Muntu wa vitabu. “Ni Wagiriki,” aliandika. “Wagiriki njo wenye mythologie, zile hadithi kubwa za zamani za taifa. Munyama wa vichwa mingi, watoto wenye kupelekwa kwa munyama, muntu mwenye kuingia kuzimu akatoka, yote ni yao.”

Nikamujibu: “Koko yangu iko na munyama wa vichwa saba. Kwa Kinyanga wanamuita kirimu.”

“Ile ni hadithi ya kulalisha watoto,” akaandika. “Mythologie ni kitu ingine. Sisi hatuna.”

Hatuna! Ile neno iliniuma mupaka ku mifupa. Vita ilichukua mashamba, ilichukua ng'ombe, na sasa muntu wa kwetu mwenye alisoma anasema hata munyama wa kutumeza tulikopa kwa Wagiriki!

Siku ya Mungu yenye ilifuata, nikamuleta Koko mu hangari. Alikuja na beseni yake ya samaki, akaikaa mbele, na hakunyamaza hata kidogo.

“Eh! Ile ni kirimu! Nani aliwaambia wazungu habari ya kirimu?” Kisha munyama akafungua mabawa. Koko akasimama. “Mabawa ya nini? Kirimu inaishi mu pori! Itagonga miti kila fasi! Hawa watu hawajaona pori!”

Tulicheka mupaka Papa Kambale akasimamisha filme. Tangu ile siku Koko akawa mumoja wetu. Vijana walikuwa wananunua sambaza kwake ju tu ya kumuuliza kitu. Koko, kirimu inasema luga gani? Koko, inalala? Na yeye anajibu, na kama hajui, anatunga pale pale bila haya. Naandika ile ju mujue: Koko alikuwa anapendwa. Watu walikuja kumupiga mawe, lakini wenyewe walikuwa wamekula samaki yake na kucheka mizaha yake.

Sasa kosa.

Kulikuwa sehemu moja ya serie yenye ilitugawanya kabisa. Mu mulango ya kijiji ingine, bibi kizee mumoja anamupatia munyama watoto, mumoja mumoja, ju kijiji isimezwe yote. Wengine walisema ni muuaji. Wengine walisema ni mama mwenye hakuwa na njia. Mwalimu Deo akaandika kwa furaha: “Munaona? Wagiriki! Watoto wa kupelekwa kwa munyama! Leta yule Koko yako. Na usilete maneno yako wee. Leta sauti yake.”

Nikamufuata Koko nyuma ya nyumba. Ilikuwa muchana, alikuwa anachambua sambaza. Nikamuuliza kama mu hadithi ya kirimu muko mwanamuke muzee mwenye kuilisha watoto.

“Iko!” akasema. “Njo yeye mwenye hadithi! Kaa.”

Nikaikaa. Telefone ilikuwa chini ya kitenge yangu, inachukua sauti. Sikumuomba ruhusa. Ningemuomba, angekubali, na angevaa muzuri kama muntu wa kupigwa picha. Lakini sikumuomba.

Koko hasemi hadithi kama muntu mwenye kusoma. Anaingia mule. Kama ni chura, anakuwa chura. Ile siku akawa yule mwanamuke, na akasema hivi, na sauti ya chini yenye inakutia baridi ku mugongo:

“Miye njo nilikuwa nalisha kirimu. Ilikuja ku mulango yangu na njaa. Nikaipatia mutoto wa kwanza, ikameza. Nikaipatia wa pili, ikameza. Ikaniambia, mama, watoto wa hapa wako watamu. Nikaiambia, rudia kesho. Bado wako wengi.”

 Kisha akapiga mapaja na kuanza kucheka.

“Kirimu mujinga! Yalikuwa mawe! Mawe ya moto, nilitosha mu jiko, nikafunga mu nguo za watoto! Watoto wenyewe walikuwa wamepita zamani nyuma ya migomba, wako ngambo ya mutoni wanakula ndizi. Kirimu ikameza, ikameza, ikakuwa nzito. Ilipotaka kuwafuata, ikazama mu matope, ile mawe ikapoa mu tumbo, na yenyewe ikakuwa jiwe. Mupaka leo wanawake wa kwetu wanatwanga mihogo ku mugongo yake!”

Njo hadithi yote. Umeisikia nzima. Watu wa Shasha hawakuisikia nzima, ju ya miye.

Nilisikiliza tena ile sauti na nikaona ubaya moja. Mwanamuke wa serie alipatia munyama watoto wa kweli. Wa Koko alipatia mawe. Mwalimu Deo angesema: unaona, havifanani. Nikatamani vifanane! Nilitaka vifanane mupaka anyamaze. Basi nikakata. Nilikata kila kitu yenye ilifuata “bado wako wengi”, nikatuma, na nikaweka telefone chini, najisikia kama muntu mwenye alishinda vita.

Na kweli nilishinda. Grupe ililipuka! Mioyo, makofi, machozi ya kucheka. Yule dada wa Muheto aliandika kama amekimbia inje kwa woga. Na Mwalimu Deo, Mungu wangu, Mwalimu Deo akaandika: “Nimeshindwa. Koko ni mythologie.”

Nilisoma ile maneno mara mingi. Nilifurahi. Sitadanganya ati roho ilinisuta. Haikunisuta. Nilikuwa nimetosha watu wa kwetu mu haya ya kuambiwa hatuna, njo nilifikiri.

Kisha surua ikaingia mu kambi ya wakimbizi, kule juu ya barabara.

Ikaanza kubeba watoto. Watu walikuwa wamebanana chini ya zile shitingi, na chanjo haikuwa imefika, ju njia zilifungwa kila siku. Mama Furaha, jirani yetu, mwenye alikuwa ananunua sambaza kwa Koko na kumuita mama, alizika mutoto wake mudogo. Koko alienda kulia naye. Alimushika mabega mupaka ku kaburi.

Na ile sauti ilikuwa inatembea. Ilitoka mu grupe yetu, sijui nani alianza, ikaenda kwa watu wenye hawajui Nyota, hawajui serie, hawajui kitu. Njiani muntu akaongeza maneno yake: “Sikilizeni mulozi wa Shasha anajisifu vile anakula watoto wa kambi.”

Siku ya Mungu, watu wakitoka kusali, Mama Furaha akafika ku karai ya Koko. Nyuma yake kulikuwa watu wengi, wamama na vijana. Miye nilikuwa pale pale, na beseni ku mukono, napangia muteja samaki.

Mama Furaha hakulalamika. Alitosha telefone, akaisongeza karibu na sikio ya Koko. Sauti ikatoka: miye njo nilikuwa nalisha kirimu.

Na Koko akafurahi! Oh, hiyo njo inaniua mupaka leo. Alifungua macho, akacheka kama mutoto. “Eh! Iko miye! Nani aliniingiza mu telefone?”

“Ni sauti yako, Mama?” Mama Furaha akauliza.

“Iko yangu kabisa! Unasikia vile inapendeza?”

“Kwa hiyo unakubali.”

“Nikubali nini? Ngojeni, hamujamaliza, mwisho njo tamu—”

Kinywa yangu ilikuwa wapi? Niambie! Ilikuwa neno moja tu: “Nilikata.” Neno moja! Nilikuwa nimesimama kama muti, na samaki wanatoka mu beseni yangu, wanaanguka chini mumoja mumoja. Niliogopa. Niliona zile macho na nikafikiri, nikisema, watanigeukia miye. Nikanyamaza.

Jiwe ya kwanza ilianguka mu karai. Mafuta ya moto ikaruka yote ku muguu ya Koko.

Sijasikia tena muntu analia vile. Na watu hawakusimama. Papa Kambale njo alitoka mu duka mbio, bado amevaa kote yake ya misa, akamubeba Koko kama mufuko, akamuingiza ndani, akafunga mulango ya chuma na kusimama mbele yake.

“Munatafuta kuua?” akapiga kelele. “Basi muanze na miye! Nimetoka kupokea komunyo sasa hivi, niko tayari kuliko ninyi wote!”

Mawe ikapiga ku mulango, moja ikamupata ku bega. Hakutoka. Alisimama pale mupaka mukubwa wa kambi akakuja, na wakaanza kusemezana. Na masemezano ikaisha vile inaishaka: mulozi ahame, ama nyumba ichomwe pamoja na wenye kuwa ndani.

Njia ya kupanda Masisi ilikuwa imefungwa na vita. Papa Kambale akaamua lori yake ipitie Minova, izungukie Bukavu, na kule ichukue njia ya pori mupaka Walikale, kwa ndugu za Koko. Wakamulaza katikati ya mifuko ya chumvi, muguu umefungwa na kitambaa. Baba yangu alikuwa analia. Miye nikapanda kumufunika.

Akanishika mukono. “Ni nani aliniweka mu telefone? Ni wee?”

“Ni miye, Koko.”

“Na mwisho? Mwisho iko wapi?”

“Niliikata.”

“Juu ya nini?”

“Nilitaka kushinda mabishano.”

Aliniangalia. Kisha akajivutia turubai mwenyewe, akajifunika uso, na lori ikaenda.

Unafikiri iliishia pale? Iliishia pale kwa Koko. Kwangu ilikuwa inaanza.

Muchungaji wa kanisa yetu ndogo, nyumba ya mbao tu juu ya barabara, akaitisha vijana wote wenye walikuwa wanaangalia Nyota. Alisema surua ilitoka mu ile filme. Alisema vichwa saba ni pepo saba, na kila muntu mwenye aliangalia alifungulia pepo moja mulango. Kila muntu alete karte ya telefone yake yenye filme, ichomwe, na atubu mbele ya watu. Na miye nilikuwa na fasi yangu ya pekee. Nilitakiwa niseme kama pepo ya filme iliingia mu Koko, na Koko akanituma nisambaze sauti yake.

Mbele ya ile siku alikuja nyumbani kunieleza pole pole, na sauti tamu. “Binti yangu, haiko kosa yako. Ni pepo.”

Unaona ile mutego? Haiko kosa yako! Nani hapendi kusikia ile? Ningesema tu ndiyo, ningekuwa safi kama karatasi. Na baba yangu naye akaniomba: “Sema, mwanangu. Maneno ni maneno. Sema tupate amani, tuko wageni hapa.”

Baba yangu ni muntu muzuri. Nilimupenda ile siku na nilimukatalia.

Kanisa ilijaa mupaka inje. Vijana wa grupe yetu walipita mumoja mumoja, wanaweka karte mu sahani, wanasema “natubu.” Mwalimu Deo pia alikuwa mule, ameangalia viatu vyake. Ikafika zamu yangu. Muchungaji akanipatia mikro ya kusemea.

“Kosa ni langu,” nikasema. “Hakuna pepo. Nilikata hadithi ya Koko na hii kidole. Hii hapa! Niliikata ju nishinde mabishano ya filme. Na muliporusha mawe nilikuwa pale na nikanyamaza, ju ya woga. Njo dhambi zangu. Sina zingine za leo.”

Watu wakaanza kunguruma. Muchungaji akanyosha mukono achukue mikro. Nikarudia nyuma, nikafungua telefone, nikaiweka ku mikro. Nilikuwa bado na sauti yote, toka mwanzo. Ikapita ile ya kulisha kirimu, na watu wakalia “Uuu!” Kisha ikafika pale walikuwa hawajafika: kirimu mujinga! Yalikuwa mawe!

Sauti ya Koko ikajaa kanisa yote, inacheka, inasema habari ya watoto ngambo ya mutoni wanakula ndizi. Ilipofika kwa wanawake wenye kutwanga mihogo ku mugongo ya kirimu, muntu akacheka nyuma kule. Ilikuwa mama muzee wa Muheto. Akasimama na fimbo yake.

“Ile hadithi naijua,” akasema. “Kwetu haikuwa mawe ya moto, ilikuwa viazi. Lakini naijua. Hakuna mutoto mwenye anakufa mule.”

Halafu Mama Furaha akasimama. Akapita katikati ya viti mupaka mbele yangu.

“Na wangu?” akaniuliza. “Wangu alikufa na nini?”

Nikamujibu: “Na surua, Mama. Na vita, ju ingekuwa amani, chanjo ingefika.”

Akanipiga kofi. Ilisikika mupaka barabarani. Sikujikinga, ju ile kofi ilikuwa na haki yake. Kisha akakaa chini pale pale ku udongo, na wamama wakamufuata, wakakaa naye. Hakuna mwenye aliongea tena juu ya bulozi ile siku. Lakini hakuna pia mwenye alisema: tuende tumurudishe Koko.

Muchungaji akanyosha sahani. “Karte yako.”

“Hapana.”

“Unachagua shetani?”

“Nachagua serie yangu,” nikasema. “Na mule muko sauti ya Koko. Mulishachoma muguu yake, hamutachoma na sauti.” Nikaingiza karte mu kifua yangu. “Mwenye anaitaka akuje aichukue.”

Hakuna mwenye alikuja.

Walinifukuza mu kanisa. Baba yangu alikaa bila kunisemesha mupaka mvua zikabadilika. Wamama walikuwa wananunua sambaza mbali, wanapita na pua juu mbele ya karai ya Koko, yenye sasa nilikuwa nakaanga miye. Grupe ilikufa. Mwalimu Deo aliniandikia peke yangu: “Miye njo niliomba sauti. Na miye pia nilinyamaza.” Nikamujibu kama ni kweli. Sikumufariji. Kila muntu abebe yake.

Kisha Papa Kambale akakubali nipande lori yake.

Ile safari sitaieleza, mwenye amepita njia ya pori ile musimu ya matope anaijua. Nilimukuta Koko Walikale, mu nyumba ya mutoto wa dada yake, anamenya ndizi mbele ya mulango. Anatembea sasa kwa kuburuta muguu. Ngozi ya muguu imekunjana kama karatasi yenye kupitia ku moto.

Nikapiga magoti. Nikasema yote, bila kukata.

Alimaliza kumenya ndizi yake. “Wee mutoto,” akasema, “ulinifanya muntu wa kuogopwa mu uzee. Mu ujana yangu ningefurahi, kulikuwa watu wenye nilitaka waniogope. Sasa ilinisaidia nini?”

“Nisamehe, Koko.”

“Sijakusamehe.” Akasukuma sahani mbele yangu. “Kula.”

Nikakula, nalia, na yeye ananiangalia kama sina akili. Kisha akauliza:

“Na yule Nyota? Alimutosha kaka yake mu tumbo?”

Nikamuambia mwisho. Alimutosha, lakini kaka alikuwa amesahau jua, akafunga macho, akataka kurudia mu tumbo. Nyota akamushika mukono mupaka akazoea mwangaza.

Koko akafikiri. “Hapo walifanya muzuri,” akasema. “Lakini ile mabawa, hapana.”

Tangu ile siku niko Walikale. Koko bado hajasema neno ya kunisamehe, na sitamulazimisha. Ananituma kuchota mayi, ananitukana, na siku zingine ananiambia hadithi, akishatazama kwanza mikono yangu iko wapi. Siku ya posho, mbele ya siku ya Mungu, watoto wa hapa wanakuja, nafungua Nyota ku telefone, na filme ikiisha, Koko anawaeleza penye wachoraji walikosea. Wazazi wamoja walikuja kusema ati tunafundisha watoto mambo ya pepo. Niliwakaribisha waingie, waikae, wasikilize mupaka mwisho. Wawili waliingia. Mumoja anarudia kila posho, na mabishano yake ni ya Yona.

Basi wee mwenye unasoma, na kaka, na dada, wenye muko na magrupe yenu na serie zenu, munisikilize. Bishaneni! Musiache muntu awaambie hatuna kitu. Tuko navyo. Lakini sauti ya muzee si jiwe ya kutupia mwenzako. Omba ruhusa. Ukituma, tuma yote, hata penye inakufanya ushindwe. Niliona vile watu wa vita, wenye kuzika watoto, wanapokea hadithi yenye haina mwisho: wanaitafutia mwisho wao wenyewe.

Na siku wanafika na hasira, wanauliza ni sauti ya nani, ni nani aliituma, usingojee karai ipinduke. Usingojee kanisa, usingojee mikro. Hata kama unaogopa, fungua kinywa useme: ni miye.